Kemia ya Ubaoni na Kemia ya Mezani

Kila mwaka mwezi wa Novemba unapokaribia, na watahiniwa wa kidato cha nne wa Tanzania wanapoanza kuhesabu siku zilizobaki, hutokea katika shule nyingi za sekondari jambo ambalo limezoeleka hata halimshangazi mtu: mlango wa maabara, ambao kwa miaka mitatu ulifunguliwa kwa nadra, huwa wazi kutwa, vumbi hupanguswa mezani, bureti hutolewa sandukuni zikiwa zingali zimeviringishiwa karatasi za dukani, na vijana ambao wamekariri kemia tangu kidato cha kwanza huitwa makundi makundi kuja kuonyeshwa, kwa muda wa majuma machache, vitu ambavyo wamekuwa wakivitaja kwa majina miaka yote hiyo bila ya kuviona. Wenyewe huyaita majira hayo msimu wa praktiko. Rai yangu ni kwamba msimu huo, pamoja na nia njema ya walimu wanaoutumikia, ni taksiri kubwa kuliko zote katika taalimu ya kemia kwetu. Kwa kuwa amali ya elimu hii haiwezi kuwekwa akiba hadi mwisho kama posho ya safari, na nadharia isiyokutana na amali katika siku zile zile inapofundishwa hugeuka maneno matupu, na maneno hayo, yakiisha kukaa kichwani miaka mitatu peke yake, huwa mazito kuondoshwa hata mbele ya ushahidi wa macho.

Nayasema haya kwa tajiriba yangu mwenyewe, wala si kwa kuambiwa. Katika shule niliyosoma, kemia ilikuwa somo la ubao na chaki. Niliweza kuandika kwa hati nzuri kwamba asidi ikikutana na besi huzaa chumvi na maji, na niliweza kusawazisha mlinganyo wa mmenyuko huo bila ya kukosea, lakini sikuwa nimepata kuona tone la asidi likianguka. Siku niliyopewa bureti kwa mara ya kwanza, mtihani ulikuwa umebakiza siku kumi na moja. Mwalimu alikuwa na wanafunzi zaidi ya sitini na dakika themanini. Nilifungua, nikatikisa, nikaona rangi ya manjano ikigeuka kuwa ya chungwa, nikasoma: 25.3. Nikarudia, nikapata 25.3. Jirani yangu, ambaye darasa zima lilimjua kwa akili, alikuwa amepata 24.6. Nikachukua kifutio, nikafuta yangu, nikaandika 24.6, na chini yake 24.5, na chini yake tena 24.6, ili kazi ifanane na ya mtu mwangalifu. Na mwalimu alipopita akatia alama ya vema, akaniambia nimefanya vizuri.

Miaka ilipita kabla sijajua nililolifuta. Kanuni ilisema bureti isuzwe kwa asidi, pipeti isuzwe kwa besi, na chupa ya koni isuzwe kwa maji yaliyokenekwa basi. Nami niliikariri kanuni hiyo neno kwa neno, lakini kwa kuwa sikupata kuijua sababu yake, nilisuza chupa ya koni kwa besi, nikidhani kwamba chombo huwa safi zaidi kikioshwa kwa kile kile kitakachotiwa ndani yake. Matone ya besi yaliyobaki chini ya chupa hayakupimwa na pipeti, walakini asidi iliyahesabu. Kila tone lilidai haki yake, na kwa hivyo asidi ikatumika zaidi ya ilivyopasa kwa sehemu saba za kumi za sentimita moja ya ujazo. Tarakimu ile ya 25.3 ilikuwa shahidi mkweli, iliyonieleza kwa usahihi ambao maneno ya mwalimu yasingeufikia kwamba besi imezidi ndani ya chupa yangu, na kama mtu angeniuliza imezidi kwa nini, ningaliweza kufika mwenyewe kwenye jibu na nisingelisahau hata leo. Mimi nilimfukuza shahidi huyo, nikamweka wa uongo mahali pake, na nikasifiwa.

Tukio hilo si la mtu mmoja. Mwanafunzi anayeingia maabara katika majuma ya mwisho anajua kwamba jibu liko mkononi mwa mtahini, na huenda mezani kulivua jibu hilo, si kuiuliza maada hali yake. Anajifunza kusoma uso wa mwalimu badala ya kusoma bureti. Na hapa ndipo madhara yanapovuka mipaka ya somo. Kwa sababu kijana aliyezoezwa kuutengeneza ushahidi ili ufanane na matarajio ndiye ambaye kesho atapima maji ya kisima cha mtaa, atachunguza dawa iliyoingia bandarini, atathibitisha saruji ya daraja. Na siku hiyo hatakuwapo jirani mwenye akili wa kunakiliwa.

Lau vitendo vingefundishwa pamoja na sababu zake tangu mwanzo, hakuna kanuni hata moja ya meza ile ambayo isingekuwa somo la nadharia. Jicho hulinganishwa na uso wa kimiminika kwa kuwa uso huo umepinda kama sahani, na anayeutazama kwa juu au kwa chini huona alama isiyo yake. Tone la mwisho la pipeti halipulizwi, kwa kuwa aliyekichora chombo alikwisha kulitoa katika hesabu. Kisha liko jambo ambalo limewashangaza wanafunzi wengi niliowaona: sentimita 25 za ujazo za haidroksaidi ya sodiamu yenye ukolezi wa moli 0.1 kwa lita hutoshelezwa na sentimita 25 za asidi ya haidrokloriki ya ukolezi huo huo, lakini wakibadilisha wakatia asidi ya salfuriki ya ukolezi ule ule, rangi hugeuka katika sentimita 12.5. Vijana hudhani wamekosea, hurudia, hupata 12.5 tena, hutazamana. Mwalimu mwenye hekima hunyamaza kidogo katika dakika hiyo. Maana kila molekuli ya asidi ya salfuriki ina hidrojeni mbili za kutoa, na ile nyingine ina moja. Jambo hilo limeandikwa katika fomula waliyoikariri tangu zamani, na leo, kwa mara ya kwanza, fomula imesema nao. Dakika kama hiyo haipatikani kwa bei nyingine, wala haiwezi kuja ikiwa fomula na bureti zimetenganishwa kwa miaka mitatu.

Wako wasemao kwamba nadharia ndiyo asili, na kwamba akili iliyonyooka huweza kuufuata ukweli wa kemia kwa kusoma peke yake kama inavyoufuata ukweli wa hesabu. Sikubaliani nao, na sababu yangu ni utepe wa magnesi. Mtoto wa Kiswahili amekua akiona kuni zikiwaka jikoni: gogo zito huingia motoni, majivu mepesi hutoka. Kwa hivyo anapofika shuleni amekwisha kuwa na nadharia yake ya moto, ambayo hakufundishwa na mtu na ambayo kila siku ya maisha yake imeithibitisha, nayo ni kwamba kuungua ni kupungua. Mwambie kwamba gramu 24 za magnesi zikiungua zote huzaa gramu 40 za majivu meupe, naye ataandika daftarini kwa utii, atajibu mtihani, na moyoni atabaki na imani yake ya jikoni. Lakini mpe mizani, mpe chombo chenye mfuniko, aupime utepe kabla na aupime baada; hata ikiwa moshi mweupe umechukua sehemu yake na hesabu haikukamilika, mizani itakuwa imeongezeka, na imani ya jikoni itakuwa imepata ufa wa kwanza. Hapo atataka kujua uzito umetoka wapi, na mwalimu atakapotaja oksijeni ya hewani atakuwa anajibu swali lililoulizwa.

Imani hiyo ya jikoni si ya watoto tu. Wanazuoni wa Ulaya wa karne ya 18 waliishikilia kwa miongo mingi, wakaipa jina la flojistoni, wakisema kwamba kila kiunguacho hutoa kitu hicho kikaenda zake. Na aliyewatoa katika dhana hiyo ni Antoine Lavoisier wa Ufaransa, ambaye tangu mwaka 1772 aliona kwamba fosforasi na salfa zikiungua huongezeka uzito, akaendelea kupima kwa subira hadi alipochapisha mwaka 1789 kitabu chake cha misingi ya kemia, miaka mitano kabla ya kukatwa kichwa katika mapinduzi ya nchi yake. Ikiwa wakuu wa elimu walihitaji mizani ili waiache dhana ile, kwa haki gani tunamtaka kijana wa miaka kumi na minne aiache kwa chaki?

Kwetu pwani tunao mfano ulio kinyume cha huo, nao naupenda zaidi, kwa kuwa ni wa kwetu. Wachoma chokaa wa Lamu, wa Unguja na wa miji mingine ya mwambao wamejenga tanuu zao kwa karne nyingi: hupanga magogo kwa duara, hupanga juu yake mawe ya matumbawe, hutia moto, na mawe hayo yakifikiwa na joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi hugeuka chokaa mbichi, ambayo ikinyunyiziwa maji hutoa fukuto na mvuke, huvimba, huvunjika kuwa unga mweupe, na unga huo ndio ulioshika kuta za misikiti na majumba ya kale. Fundi wa tanuu anajua mengi: anajua jiwe lililoiva na lililo bichi kwa kulipima mkononi, kwa kuwa jiwe lililoiva ni jepesi. Na ni kweli, maana katika kila gramu 100 za chokaa safi ya jiwe, gramu 44 huondoka zikiwa ni hewa ya ukaa na gramu 56 ndizo zinazobaki. Mwaka 1756 Joseph Black wa Uskoti alipoyaeleza haya kwa mizani, akaitambua hewa ile iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe, alikuwa akieleza jambo ambalo mikono ya wachoma chokaa wa dunia nzima ililitenda kila msimu bila ya kulijua jina. Mchoma chokaa ana amali bila ya nadharia. Mwanafunzi wetu ana nadharia bila ya amali. Nao hukaa katika mji mmoja, pengine katika nyumba moja, babu na mjukuu, na shule haijapata kuwakutanisha.

Lau ningekuwa mwalimu mkuu ningeanzia hapo. Chokaa ya tambuu hununuliwa kwa fedha kidogo; ikorogwe katika maji, iachwe itulie usiku kucha, maji ya juu yachujwe kwa kitambaa safi hadi yawe maangavu; kisha kijana apulize pumzi yake ndani yake kwa mrija, kwa hadhari asinyonye. Maji yatageuka kama maziwa, kwa kuwa hewa ya ukaa iliyotoka kifuani mwake imeungana na chokaa ikawa jiwe tena, chembe ndogo ndogo za jiwe lile lile la baharini. Wengi huishia hapo, nami nasema wasiishie. Apulize tena kwa muda mrefu, bila ya kuchoka, na maziwa yataanza kupotea, maji yarudi kuwa maangavu. Maana hewa ya ukaa ikizidi huliyeyusha jiwe kwa sura nyingine. Ni hivyo hivyo maji ya mvua yalivyochimba mapango ya Amboni huko Tanga katika mwamba wa chokaa, na ni hivyo hivyo, kwa kinyume, maji hayo yakichemshwa yanavyoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Pumzi, jiwe, pango na birika, vyote katika gilasi moja, na dakika zisizozidi ishirini. Mwalimu akiandika milinganyo baada ya hapo, kila alama itakuwa na mahali pa kushika.

Si kwamba jambo hili la kuunganisha nadharia na amali ni geni duniani. Wanakemia wa Kiislamu wa zamani walilijua; Abu Bakr al-Razi, aliyefariki mnamo mwaka 925, aliandika kitabu cha siri za ufundi huo ambamo alivieleza vyombo, tanuri, na vitu vyenyewe kwa kuvipanga katika vya wanyama, vya mimea na vya ardhini, kama mtu anayemkabidhi mwenziwe meza ya kazi; na neno alkali, ambalo vijana wetu hukutana nalo katika vitabu vya Kiingereza wakalidhani la Kizungu, ni la Kiarabu, nalo asili yake ni majivu ya mmea. Lakini shule ya kemia kama tuijuavyo leo ilianza mwaka 1824, pale Justus von Liebig, akiwa na umri wa miaka 21, alipopewa ualimu katika mji mdogo wa Giessen huko Ujerumani. Kabla yake mwanafunzi aghalabu aliketi akamtazama profesa akifanya majaribio kwa mbali, kama atazamavyo mchezo. Liebig alilichukua jengo lililokuwa la askari walinzi, akaweka ndani yake meza, akawapa wanafunzi vitu wasivyovijua, akawaambia watafute ni nini. Mwaka 1831 alibuni chombo cha kioo chenye vitufe vitano cha kunasia hewa ya ukaa, na uchanganuzi wa vitu vya mimea na wanyama, ambao hapo kwanza uliwatoa jasho mabingwa, ukawa kazi aiwezayo mwanafunzi mwenye uangalifu. Wanafunzi walimwendea kutoka nchi nyingi, nao waliporudi makwao wakaanzisha maabara kama yake.

Mmoja wa hao, August Wilhelm Hofmann, alikwenda London mwaka 1845 kukiongoza chuo kipya cha kemia, na huko alimfundisha kijana aitwaye William Henry Perkin, ambaye kisa chake kinafaa kusimuliwa katika kila darasa, kwa kuwa kinaonyesha nadharia na amali zikisaidiana pale ambapo kila moja peke yake ilishindwa. Mwaka 1856, katika likizo ya Pasaka, Perkin, mwenye miaka 18, alijaribu nyumbani kwao kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Nadharia yake ilikuwa ya kuhesabu atomu: alichukua kitu ambacho hesabu yake, ikizidishwa kwa mbili na kuongezwa oksijeni, ilikuwa sawa na hesabu ya kwinini na maji. Hesabu ilikuwa sahihi, na jaribio halikufaulu kabisa, kwa kuwa siku zile haikujulikana bado jinsi atomu za kwinini zilivyopangwa, na atomu hizo hizo zikipangwa kwa namna nyingine huwa kitu kingine. Akajaribu tena kwa kitu sahili zaidi, akapata tope jeusi. Aliyezoea kemia ya ubaoni angelitupa tope lile, kwa kuwa halikuwamo katika jibu. Lakini Perkin alikuwa amezoezwa mezani, na alipokuwa akiosha chombo kwa spiriti akaona rangi ya zambarau, akasimama. Ndiyo rangi ya kwanza ya viwandani iliyotengenezwa na mkono wa binadamu ikauzwa kwa wingi. Nadharia pungufu ilimpeleka mahali pasipo na kwinini, na jicho lililofunzwa likaona kilichokuwapo.

Na asije mtu akafahamu kwamba nataka maabara peke yake. Mwanafunzi anayechanganya vitu kwa kufuata karatasi ya maelekezo, hatua ya kwanza hadi ya kumi, bila ya kujua anatafuta nini, hana tofauti na apikaye kwa kusomewa. Akikosa chumvi hajui afanyeje. Kuna siku ambapo nadharia huusahihisha mkono, na siku mashuhuri kuliko zote ilitokea baada ya Dmitri Mendeleev wa Urusi, alipokuwa akiwatungia wanafunzi wake kitabu, kulipanga mwaka 1869 jedwali la elementi na kuacha ndani yake nafasi tupu za elementi ambazo hazijaonekana. Mojawapo, ya jirani na alumini, aliitabiria hata uzani wake: msongamano wa 5.9 hivi. Mwaka 1875 Lecoq de Boisbaudran wa Ufaransa aliigundua, akaiita galiamu, akapima msongamano wake akapata 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwa amepata kuiona hata chembe yake, aliandika kwamba kipimo hicho hakiwezi kuwa sahihi. Mfaransa akaisafisha galiamu yake, akapima upya, akapata 5.9. Nadharia ile iliweza kusema kwa uthabiti huo kwa sababu ilikuwa imefumwa kwa vipimo vya mikono mingi ya miaka mingi. Mfano huu nauweka mbele ya walimu wanaodhani kwamba kuelezana nadharia mezani ni kupoteza muda wa praktiko.

Narudi kwetu. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya biolojia, na wananchi walichangishwa, wakabeba mawe na mchanga, na kuta zikasimama katika vijiji ambavyo havikuwa na jengo lolote la namna hiyo. Hilo lilikuwa jambo la heshima, nalo lilikuja baada ya miaka mingi ambayo Baraza la Mitihani liliwatungia watahiniwa wa shule zisizo na maabara karatasi ya mbadala wa vitendo, yaani mtihani wa kueleza kwa kalamu lile ambalo mkono ungelifanya kama ungepata nafasi. Karatasi ya namna hiyo ilikuwa huruma kwa watoto maskini, na huruma hiyo iliwafundisha kuandika kwamba wameona wasiyoyaona. Lakini ukuta si maabara. Nimeingia katika vyumba vilivyojengwa kwa jasho la wazazi nikakuta madawati ya darasa la ziada, au magunia ya mahindi ya chakula cha shule, au meza nzuri zenye mabomba yasiyotoa maji. Na mahali pengine nimekuta vyombo kamili vimefungiwa kabatini kwa hofu ya kuvunjika, hata wahitimu wa mikondo minne wamepita navyo havijapata kulowa. Bureti iliyovunjwa na mwanafunzi anayejifunza imefanya kazi zaidi ya ile iliyohifadhiwa miaka kumi.

Kuna na jambo la lugha, ambalo naligusa kwa ufupi kwa kuwa wengine wamelisema kwa urefu. Mtoto wetu husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha akifika sekondari kemia humjia kwa Kiingereza asichokimiliki, na kwa hivyo hukariri tafsiri za maneno akidhani anakariri sayansi. Istilahi zetu zipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Mtihani na uwe wa lugha yoyote itakayoamuliwa. Lakini mezani, mbele ya rangi inayogeuka, mwanafunzi aruhusiwe kuuliza kwa lugha anayoiotea ndoto, kwa kuwa swali likichelewa kwa kutafutiwa maneno, mmenyuko haungoji.

Basi tufanyeje, na fedha ni chache? Naanza na kalenda, maana kalenda haigharimu kitu. Kila mada ya kemia iwe na siku yake ya mezani katika juma lile lile inapofundishwa, hata kama siku hiyo ni ya jaribio moja dogo. Tuache pia kudhani kwamba jaribio ni kubwa kwa ukubwa wa vyombo: Kituo cha RADMASTE cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, kilitengeneza visanduku vidogo vya plastiki ambamo mimenyuko hufanywa kwa matone badala ya chupa, na UNESCO ikasaidia kuvieneza katika nchi nyingi; matone hupunguza gharama, hupunguza hatari, hupunguza na taka. Na pale ambapo hata visanduku hivyo havijafika, manjano ya mchuzi yaliyolowekwa katika spiriti hugeuka mekundu yakiguswa na magadi, na yakiongezwa ndimu hurudi njano. Kila mama aliyepata kufua kanzu yenye doa la mchuzi kwa sabuni ameliona jambo hilo, na kiashiria cha namna hiyo hakihitaji kuagizwa ng'ambo. Sisemi kwamba vya jikoni vinatosha. Mizani nzuri haina mbadala, na shule iliyo na fedha za kununua kitu kimoja na inunue mizani.

Lakini la muhimu kuliko yote ni alama. Maadamu tunampa alama aliyepata 24.6 na kumnyima aliyepata 25.3, tutaendelea kuvuna vifutio. Daftari la maabara liandikwe kwa wino, kisifutwe kitu. Tarakimu iliyokataa kufanana na nyingine ibaki mahali pake, na mwanafunzi aandike chini yake anadhani imetoka wapi. Na mwalimu ampe alama kwa dhana hiyo, hasa ikiwa aliijaribu kwa kurudia. Najua uzito wa madarasa ya sitini na zaidi, na najua kwamba mwalimu wa kemia mara nyingi ndiye fundi wa maabara, ndiye mwosha vyombo, na ndiye mwenye ufunguo. Kwa hiyo naiomba serikali, kabla ya kujenga chumba kingine, impe mwalimu huyo fundi sanifu wa maabara wa kumsaidia, kwa kuwa mtu mmoja wa namna hiyo hufungua milango ambayo majengo kumi hayaifungui.

Na ninyi wazazi mlioko katika bodi za shule, mwezi Januari watoto wapya wa kidato cha kwanza watakapoingia, nendeni mkaulize neno moja tu: juma la ngapi watoto hawa watashika bureti. Mkijibiwa kwamba ni kidato cha nne, msikubali. Ombeni ufunguo wa ule mlango mlioujenga kwa michango yenu, na mlango ufunguliwe juma hilo hilo.